Mama Mkwe Chini ya Meza

...kabla ya taa, anasema, usibonyeze kabla ya taa, baba, ukitangulia inahesabika kosa, na mimi naitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza, ndiyo mwanangu, nimekuelewa, kana kwamba mimi ni mtu wa kufundishwa habari za taa, mimi niliyeota mvi nikitazama taa, nyekundu simama, njano fungua macho, kijani twende zetu, maisha yangu yote nimevuta treni iliyoshiba watu na mabegi na watoto wanaolia, na hajatokea abiria hata mmoja akaja dirishani akaniuliza, samahani dereva, kidole chako kina mbio kiasi gani, lakini leo nimewekwa kwenye kiti chenye magurudumu, kiti kisichotulia, mbele ya kijisanduku cheusi kisichozidi mkate, kitaa kimoja juu, kitufe kimoja chini, waya umetoka nyuma ukaingia kwenye kompyuta, na nyuma ya kompyuta amekaa huyu mpimaji, msichana wa umri wa binti yangu, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, kalamu tatu za nini mtu mwenye kompyuta, na sauti ya upole kama ya mtu anayekubembeleza umeze dawa... kifaa hiki, baba, kinaikata sekunde moja vipande elfu, aliniambia tulipoanza, nikamwambia mwanangu, nyumbani kwangu tuko wengi lakini hata tukikata nanasi hatufiki huko, akacheka, akacheka kweli mpaka akashika meza, nami nikajipongeza moyoni, maana mtu akishacheka utani wako hawezi kukuandikia mabaya, wakaguzi wangapi nimewamaliza kwa njia hiyo, mmoja alikuja na uso kama wa mtu aliyemeza ndimu akaondoka akifuta machozi kwa tai yake mwenyewe... taa! nimebonyeza, nimeiwahi, nimeiwahi hasa, tik, na yeye anatazama kioo cha kompyuta yake na kusema mmh. Mmh gani hiyo? Kuna mmh ya mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea, na kuna mmh ya fundi aliyefungua saa yako akakuta kutu, na hii yake sijaijua bado ni ya mchuzi au ya kutu, wala siulizi, siulizi ng'o, nitazame taa yangu.

Kwa sababu kinachopimwa hapa si kidole, asinidanganye mtu, kinachopimwa ni kiti changu, kile kiti cha mbele kabisa ambacho ngozi yake imechanika ikachukua umbo la makalio yangu, kioo kipana, reli mbili zinakuja chini yangu kama nazimeza, hicho ndicho wanachokitaka, agizo limetoka kwa wakubwa, likabandikwa ukutani pale karakana kwa gundi nyingi kana kwamba waliogopa tutalila, madereva wote waliofika umri wangu wapimwe wepesi na umakini, atakayefaulu arudi kwenye kiti chake, atakayeshindwa atapangiwa kazi nyingine, kazi nyingine, maneno ya asali hayo, tunaijua hiyo kazi nyingine, tumemwona Honi. Honi alikuwa dereva mwenzetu, jina tulimpa kwa sababu akikusalimia hapa wanaitikia stesheni ya pili, alipimwa na kundi la kwanza, sasa anasimama getini anachana tiketi, kofia imemfunika mpaka masikio, juzi nimepita nikamwambia Honi, vipi, akasema salama, salama tu, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, nikaenda zangu nikigeuka nyuma, nikasema hapana, si mimi, mimi sichani tiketi ya mtu, mimi watanibeba pamoja na kiti changu, wakiniweka getini waniweke nikiwa nimekikalia, abiria wazunguke.

Na wangetaka kujua wepesi wangu wangeuliza tu, hakukuwa na haja ya waya. Wangemuuliza mke wangu habari ya kikombe kilichoteleza mezani nikakidaka kikiwa hewani na chai yake ndani, chai yote, halikumwagika tone, mke wangu anasema kilikuwa kitupu, lakini yeye angeonaje, alikuwa amefumba macho kwa kukihurumia kikombe. Wangeuliza habari ya ng'ombe aliyelala kwenye reli nyuma ya kona, mvua inanyesha, nikafunga breki kwa ulaini mpaka abiria waliosinzia hawakuamka, treni ikasimama pua kwa pua na ng'ombe, akaniangalia, nikamwangalia, akainuka akaenda zake bila hata asante, na shahidi nilikuwa naye, msaidizi wangu wa enzi hizo, Redio, ingawa Redio alikuwa shahidi mbaya, mtu wa kukukatiza mbele za watu, nikisema ng'ombe wawili anasema bosi, wiki iliyopita alikuwa mmoja, nikisema wa pili alijificha nyuma ya mwenzake anasema basi tuseme na ndama pia, wasije wakaona tumewabania, mshenzi yule, mdomo wake haukuwa na kifuniko, tangu tunaondoka mpaka tunafika, habari za mpira, habari za majirani, habari za shemeji yake aliyenunua friji nyumba haina umeme akaifanya kabati la nguo, na ukitaka kusinzia tu, macho yanaanza kuwa mazito, hujui kajuaje, anakurushia swali, bosi, hivi samaki anakunywa maji? bosi, ukimwota mtu naye anajua kwamba yuko kwenye ndoto yako? bosi, kipofu akiota anaona nini? na huwezi kumjibu ukiwa umelala, na huwezi kunyamaza, maana ataendelea, nilikuwa nafika mwisho wa safari kichwa kinauma kwa maswali... taa! tik. Mmh. Hiyo ya sasa ilikuwa fupi kidogo, au ndefu, au nina wasiwasi tu, sina wasiwasi, mimi na wasiwasi tulishaachana.

Redio wakamwondoa. Hesabu za wakubwa, dereva mmoja anatosha, wakamstaafisha na saa ya ukutani na keki, na mahali pake wakaleta mama mkwe. Mama mkwe ni pedali, ipo sakafuni upande wa mguu wa kulia, kwenye vitabu ina jina refu la kuchosha lakini sisi tulimbatiza siku ya kwanza, kila baada ya muda fulani, ule ule, haupungui hauzidi, kitaa kinawaka mbele yako, maana yake, mkwe, uko macho? na wewe unakanyaga, niko macho mama, shikamoo, usipokanyaga anapiga filimbi, usipoijibu filimbi anafunga breki mwenyewe, treni nzima inasimama porini na abiria wanachungulia madirishani kuuliza dereva amekufa au vipi, hachoki, hasahau, hana utani, huwezi kumchekesha, ndiyo maana ya jina. Na hakuna dereva ambaye hajapigiwa filimbi na mama mkwe, hakuna, Honi alipigiwa mpaka tukamshauri adai arudishiwe mahari, ila mimi tu, mimi peke yangu, tangu wamlete hajanipigia filimbi hata moja, waulizwe karakana, wananiita Mkwe Mwema, nikiingia kunywa chai wanasimama, wengine kwa kunitania lakini wanasimama, wanasema huyu hata akilala mama mkwe hajui, nami nacheka, nawaambia mimi naweza kuwafikisha mwisho wa reli nikiwa naota, na nikawaongezea kwamba siku moja nimeota, nikaota naendesha treni, nilipoamka nilikuwa naendesha treni, wakaanguka kwa kicheko, ile ni kati ya hadithi zangu zinazopendwa sana.

Baba, anasema mpimaji, macho kwenye taa, si kwangu. Macho yangu yapo kwenye taa mwanangu, nakuona kwa sikio tu. Anajizuia kucheka, nimemwona. Lakini huyu si wa kuchezewa, mapema leo alinipa kioo na karatasi yenye nyota, akanifunika mkono kwa ubao nisiuone isipokuwa kwenye kioo, akasema pitisha kalamu katikati ya mistari ya nyota, nikasema tu hii? nikaanza, na mkono ukaniasi, naupeleka kulia unakwenda kushoto, naupandisha unashuka, nyota yangu ikatoka kama njia ya konokono mlevi, nikasema kalamu yako mbovu, akanipa nyingine, kumbe ndiyo kazi ya zile kalamu tatu, akasema rudia, nikarudia, rudia, nikarudia huku natukana kimoyomoyo, na kufikia mwisho mkono ulikuwa unapita humo kama treni kwenye reli na mimi nawaza chakula cha mchana, nikamuuliza nimefanyaje, sijui nilichobadilisha, akasema hujabadilisha kitu baba, mkono umejifunza, mkono unajifunza hata mwenyewe usipojua umejifunza nini. Nikasema basi mkono wangu una akili kunishinda, akasema wa kila mtu. Lile neno la mkono kujifunza sikulipenda wala sikulichukia, nililiweka pembeni.

Na mazoezi nimefanya, asije mtu kusema nilikuja hivi hivi. Binti yangu anasomea ualimu, aliposikia habari ya kupimwa akaja sebuleni na rula ndefu, akaninyooshea juu ya vidole vyangu, akasema baba, nikiiachia idake, ukiidaka karibu na mwanzo wewe ni mwepesi, ikikukimbia mpaka mwisho wewe ni gogo, akaiachia ikaanguka chini kabisa, mke wangu akasema gogo, nikasema hiyo ilikuwa ya kuonja, tukaendelea, na siku ya pili nikawa naidaka mwanzoni kabisa, kila mara, pap, pap, nikampigia mke wangu kelele njoo uone gogo lako, naye binti ananitazama tu, kisha akageuka akanipa mgongo, akaiachia rula akiwa amegeuka, ikaanguka chini. Tena, ikaanguka. Akasema baba wewe hudaki rula, unadaka mdomo wangu, nikitaka kuiachia nauma mdomo, umeshaujua, huangalii rula kabisa. Nikamwambia huo ndio uhodari, kujua kabla, dereva hodari hangoji jambo litokee. Akasema lakini baba huko hawatauma mdomo... taa! tik. Mmh. Kweli huyu haumi mdomo. Nimemchunguza, mdomo wake umetulia kama umechorwa, wala si yeye anayeiwasha, kompyuta ndiyo inaamua, mara inawasha upesi, mara inakaa mpaka unafikiri imekufa, haina mwendo, na kitu kisicho na mwendo nitakijuaje.

Baba, samahani, anasema. Naam. Usigongegonge mguu, meza inatikisika. Sigongi mwanangu. Unagonga kidogo. Mimi? Huwa inatokea, anasema, watu wakiwa na wasiwasi, tulia tu. Wasiwasi! Mimi nina wasiwasi! Nimetulia kama jiwe la jikoni, labda ni viatu, labda ni jirani ghorofani anatwanga kitu... taa! na kabla kidole hakijafanya lolote, dup, chini ya meza, dup, ndipo kidole kikashuka, tik, kimechelewa, hata mimi nimekisikia kimechelewa, kama mtu wa pili kwenye ngazi anayesubiri wa kwanza apite. Dup kisha tik. Nani kasema dup? Nainamisha macho kidogo, kidogo tu asinione, na ninauona, mguu wangu wa kulia, umetulia pale na kiatu chake nilichokipaka rangi asubuhi, kisigino sakafuni, kidole gumba juu, kama mtumishi anayengoja kuitwa. Ni mguu! Taa inawaka, mguu unajibu! Mguu ndio unaiwahi, mguu ndio hodari, naye mpimaji hana habari, kifaa chake kimefungwa kwenye kidole, kidole ambacho kazini sikitumii ila kukunia sikio, ndiyo maana ya mmh zote zile, mmh ya kutu, wanapima mlango usiopitwa na mtu! Nilijua, nilijua mimi si gogo, ningependa kicheko kinitoke hapa hapa. Hata mke wangu ni shahidi, anaujua huu mguu, kitandani anaweka mto katikati, anasema nimechoka kupigwa teke, mume mmoja nililala naye, sasa nalala na mume na mama mkwe wake, na wewe unakoroma na mguu unakanyaga, dup, dup, mbona kila mtu ana mama mkwe na hawampeleki kitandani.

Basi nitamwambia. Nitasimama, hapana, nitakaa hapa hapa, nitainua mkono kama mwanafunzi, mwanangu, simamisha mashine yako, umekosea mahali pa kupima, na ile pale, kwenye meza ya pili, naiona tangu niingie, kuna pedali mbili sakafuni zimefungwa kwa utepe, bila shaka za kupimia watu wa kanyagio, niletee ile moja, iweke hapa, chini ya mguu wa kulia, kisha uiambie mashine yako ijikaze, iikate sekunde vipande elfu mbili, utaona, mtaita watu, mtabandika jina langu ukutani juu ya lile agizo, na Honi nitamfuata getini nimwambie walikupima kidole, ndugu yangu, walikupima kidole, rudi udai mguu wako. Ndiyo. Nainua mkono. Nafungua kinywa...

Dup.

Taa haijawaka. Nimeitazama, sijapepesa, haijawaka. Mkono uko hewani nusu, naushusha taratibu kama mtu aliyetaka kukuna kichwa akaghairi. Labda nimepitiwa. Taa imezima, nyeusi, kama jicho la samaki. Nangoja, yeye anangoja, kompyuta inavuma, mtu anapita kwenye korido na ndoo, na tena, dup. Hakuna taa. Hakuna kitu. Hakuna aliyeuliza. Nangoja tena, safari hii nausikiliza mguu, siusogezi, mguu wangu naujua kama ninavyoijua nyumba yangu, na unafika ule muda, ule ule, haupungui hauzidi, naujua muda huo kama wimbo wa kubembelezea watoto, dup. Ni muda wa mama mkwe. Mguu hauitazami taa. Mguu haujaitazama taa sijui tangu lini. Umeshajua mama mkwe huuliza saa ngapi, basi unamjibu kabla hajauliza, niko macho mama, shikamoo, niko macho, niko macho, hata mto ukiwekwa katikati, hata nikikoroma, niko macho. Unadaka mdomo, baba, unadaka mdomo. Mkono unajifunza hata mwenyewe usipojua. Lile neno nililoliweka pembeni limeinuka lenyewe limekuja kukaa mapajani mwangu.

Na ile kona ndefu ya jioni, baada ya daraja... naijua ile kona, naweza kukuchorea kila jiwe, lakini ya jana, ya jana hasa, niilete hapa, daraja nalikumbuka, kulikuwa na watoto wanaoga wakapunga mikono nikawapigia honi, kisha... kisha taa za stesheni, na mimi navaa koti. Kati yake hakuna kitu. Na juzi, daraja, halafu koti. Na siku ile nyingine, daraja, koti. Nani alipita pale kati? Nani alikuwa kwenye kiti changu, chenye umbo la makalio yangu, na nyuma yake mabehewa yamejaa, wale mama wanaovua viatu wakaweka miguu juu ya mizigo, yule mtoto wa behewa la kwanza anayebandika pua kioo cha nyuma yangu akinitazama kisogo, akifikiri kisogo kile kina mtu ndani? Nikaota naendesha treni, nilipoamka nilikuwa naendesha treni. Walicheka. Nilicheka kuliko wote. Niliisimulia hiyo hadithi kama ninavyosimulia ya ng'ombe, naikuza, naipamba, kumbe hii ndiyo pekee ambayo sikuongeza chumvi, ningeipunguza hata.

Baba, uko sawa? Niko sawa mwanangu. Nikusimamishie kidogo unywe maji? Hapana, endelea, usinisimamishie. Kwa sababu nikisimama sasa nitakwenda mlangoni, najijua, nitakwenda mlangoni nikisimulia kitu, nitamchekesha huyu, nitawachekesha wa nje, na nitafika karakana nikiwa na hadithi mpya, jinsi nilivyoshinda mashine kwa mguu, na watasimama, Mkwe Mwema amekuja, watanipigia meza, na jioni nitapita darajani. Na pedali sitaiomba. Ningeletewa ile pedali ingekuwa dup dup dup bila taa, kosa juu ya kosa, na kama isingekuwa kosa ingekuwa mbaya zaidi, ningefaulu, mguu ungefaulu, wangeupa mguu cheti na mimi ningekwenda nao popote unapokwenda. Hapana. Sikuzaliwa nije kuwa abiria wa mguu wangu. Nimekataa kubebwa na wakubwa, nimekataa kubebwa na Redio mwenye maneno, nije nibebwe na kiatu? Kwanza nani alikufundisha, wee mguu, nani alikulisha, nani aliyekutibu ulipochomwa na msumari ukavimba kama boga, leo unajifanya dereva? Shuka kwenye kiti changu. Shuka. Nausogeza kiti, magurudumu yanalia, mpimaji anainua macho, naukunja mguu wa kulia taratibu, naupandisha, naupachika chini ya paja la kushoto, kama tulivyokuwa tunakaa utotoni tunasubiri sahani, na ninaukalia. Nimeukalia. Baba, unakaa hivyo? Ndiyo mwanangu, hivi ndivyo ninavyofikiri vizuri. Hutachoka? Nikichoka utajua, kifaa chako kitakwambia. Haya, anasema, na ametabasamu, lakini kalamu imeandika kitu, na iandike.

Unatekenya huko chini. Unajaribu. Muda wa mama mkwe umefika, nausikia unavuta, niko macho, unasema, niko macho, nyamaza, hujaulizwa wewe. Na kidole, haya, wewe gogo, wewe mkuna masikio, tumebaki mimi na wewe, najua huna mbio, najua tutaandikiwa pengine vibaya, lakini mbio utakazokuwa nazo zitakuwa zangu, hata zikiwa za kobe, mimi ndiye nitakayekuwa nimeiona taa. Na nikishindwa nitakwenda getini, ndiyo, nimesema, nimelitamka na sikufa, nitakwenda nisimame na Honi, lakini sitasema salama tu, nitachana tiketi kwa sauti wasikie stesheni ya pili, na kofia sivai. Na nikirudi kwenye kiti changu basi nitawafuata wakubwa hao hao mezani kwao, niwaambie mama mkwe wenu mzee sasa, anauliza swali moja tu na jibu lake lilishakaririwa na kiatu, nirudishieni mtu, nirudishieni yule mshenzi wa friji, maana Redio... Redio hakuwahi kuniuliza swali moja mara mbili. Ndiyo. Na hukujua atauliza lini. Mara moja moja hata yeye alikaa kimya mpaka ukadhani amelala, kisha, bosi. Na wewe, kijisanduku, mkate mweusi, nilikutukana tangu nikuone, nilisema huna mwendo, kumbe ndivyo ulivyo, unakaa kimya, unangoja nianze kuondoka, unajua, sijui unajuaje, huumi mdomo, huna ule muda, unaniuliza mimi, si mguu, mimi, kama yule mshenzi alivyokuwa akiniuliza, na sikuwahi kumjibu la samaki, nilimwambia nyamaza nitazame reli, na nilikuwa nazitazama, Mungu wangu, siku zile nilikuwa nazitazama reli, kila jiwe. Taa haijawaka. Mguu umekufa ganzi chini yangu, kidole kipo juu ya kitufe hakigusi, kompyuta inavuma, mpimaji ametulia, mtu wa ndoo anarudi kwenye korido, na mimi nimekodoa macho kwenye kile kitaa mpaka yanatoka maji, sijapepesa, sijaondoka, niko hapa, njoo, usiwe na haraka, niulize chochote, hata la samaki, niko hapa, taa haijawaka, niko...